Mafuta ya Ndege Kwenye Barafu ya Sangara

Vijana wangu mnaojaza mafuta ndege leo, nimekisoma kijitabu chenu cha mafunzo. Jirani yangu hapa Buswelu ana binti aliyeajiriwa uwanjani mwaka huu, ndiye aliyeniazima. Nilivaa miwani nikakisoma chote, jalada hadi jalada, na karibu katikati nikakuta sentensi moja inayosema kwamba kupoza mafuta kabla ya kujaza tenki kulijaribiwa Mwanza kukashindikana, kwa kuwa baridi hutoa maji kwenye mafuta. Basi, imeishia hapo. Aliyejaribu hatajwi. Nilipouliza, nikaambiwa wameniheshimu, hawakutaka kumwaibisha mama wa watu aliyekwisha kustaafu.

Heshima hiyo siitaki. Baridi haikushindwa. Nilikosea mimi, kwa mikono yangu hii, asubuhi moja, na nusura niue watu saba. Mkifundishwa kwamba baridi ndiyo mkosaji, mtaiogopa bure, na lile kosa langu mtalirudia siku moja mkiwa mnacheka. Kwa hiyo kaeni niwaeleze, na anayeona bibi ana maneno makali anaweza kufunga ukurasa akaendelee na simu yake.

Nianze na jambo lenyewe, kwa sababu najua wengine mmefika chuo na bado mnadhani lita ni lita. Siyo. Injini haili lita, inakula uzito. Mafuta yakipata joto yanatanuka, yakipoa yananywea. Chukua lita elfu moja za mafuta ya ndege, yapoze digrii ishirini, yatapungua karibu lita ishirini. Hakuna kilichopotea. Mafuta ni yaleyale na uzito ni uleule, ila sasa kwenye tenki kumebaki nafasi ya ndoo moja nzima, na ndoo hiyo ukiijaza unabeba zaidi kwenye bawa lilelile. Kwa ndege ndogo tuliyokuwa nayo, ndoo moja ilikuwa dakika sita angani. Mnacheka dakika sita. Subirini kidogo.

Somo hilo sikulipata darasani. Nilitoka Misungwi, mtoto wa mkulima wa pamba, nikawa mwanamke pekee kwenye kikosi cha kujaza mafuta. Wenzangu waliniita Mama Kulwa tangu siku ya kwanza, maana nilikuwa nimejifungua mapacha mwaka uliotangulia, na waliamini sitamaliza mwezi. Mwezi wenyewe haujaisha nikapewa ndege ndogo ya kwanza nijaze peke yangu. Ilikuwa asubuhi na mapema, mafuta yametoka tenki la chini ya ardhi, yana ubaridi wake. Nikajaza mpaka yakalamba mdomo wa tenki. Nikafunga kifuniko, nikashuka ngazi nikiringa.

Abiria wakachelewa, sijui walikuwa wanakunywa chai gani isiyoisha. Ilipofika saa tano, jua la Mwanza limeshika kazi, nikaona mafuta yanadondoka chini ya bawa. Kidogo kidogo, halafu kwa kasi. Nikapiga kelele kwamba ndege imetoboka! Nikakimbia na ndoo. Zimamoto wakasikia kelele nao wakatoka mbio, mmoja kiatu mguuni, kingine mkononi.

Mzee Magesa alikuja akitembea tu. Alikuwa msimamizi wetu, mtu wa Ukerewe, mfupi, mpole, na katika miaka yote niliyofanya naye kazi sikumwona akikimbia.

"Shikamoo mzee," nikamwambia.

"Marahaba. Imetoboka wapi, binti?"

"Sijui mzee, mimi naona yanatoka tu."

Akaushika mkono wangu akaubandika juu ya bawa. Nikaurudisha haraka, lilikuwa linaunguza. "Haijatoboka popote," akasema. "Uliyajaza yakiwa baridi ukayanyima nafasi. Sasa yamepata joto, unataka yaende wapi? Ukijaza hivi, ndege iondoke saa hiyohiyo. Kama inakaa, yaachie nafasi yake."

Hakuniandikia barua ya onyo. Aliniambia nisimame pale niyatazame yakidondoka mpaka yaache yenyewe, halafu nisafishe. Wanaume wa kikosi walinicheka wiki nzima. Na mimi nilikuwa nikiwacheka kila walipojaza wao wakamwaga, na wakamwaga wengi, msidanganywe.

Mzee huyo alikuwa na desturi moja. Kabla ya kusoma kipimajoto, alibandika kiganja kwenye ubavu wa boza la mafuta, akataja digrii, ndipo akasoma. Hakukosea zaidi ya mbili. Nami nikaanza kufanya hivyo. Mnaweza kuniambia leo kuna mashine inaonyesha kwenye kioo. Sawa, mashine iwepo, siipingi. Lakini siku kioo kikikuambia mafuta yana digrii kumi saa nane mchana hapa Mwanza, mkono wako ndio utakaokuambia kioo kinadanganya.

Sasa dakika sita. Tulikuwa na rubani anaitwa Deo, aliyekuwa akivuka ziwa kwenda upande wa magharibi kuchukua wagonjwa kwenye kiwanja cha vumbi kisicho na mafuta. Alijaza hapa, akaenda, akarudi na mafuta hayohayo. Yalimtosha, pamoja na akiba ya lazima, kama anga ni safi. Lakini mnalijua ziwa letu. Unaondoka hakuna kitu, unarudi unakuta wingu la mvua limesimama katikati ya njia, na kulizunguka kunataka dakika ambazo huna. Hapo Deo aligeuza akatue Bukoba aongeze mafuta, na mgonjwa ndani akisubiri. Siku moja mgonjwa hakuweza kusubiri. Deo alirudi Mwanza akakaa kwenye kivuli cha ndege yake bila kuvua hata miwani.

"Mama Kulwa," akaniambia, "ningekuwa na dakika tano zaidi, ningelizunguka lile wingu."

"Tenki halitanuki, Deo."

"Najua. Nasema tu."

Yeye alisema tu, lakini mimi sikulala vizuri. Tenki halitanuki, ni kweli. Mafuta je?

Wiki ileile nilikwenda Mwaloni, Kirumba, kununua samaki. Pale barafu inamwagwa kwa beleshi. Nikamtazama mama mmoja anavyowafukia sangara wake, chini barafu, juu barafu. Akanisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu! Unanunua au unatazama?" Nikamjibu ninatazama. Akanuna, na alikuwa na haki. Lakini nilikuwa nimepata nilichokuja kutafuta bila kujua. Jioni ile nikamwuliza Hamisi, fundi wa mashine za barafu kwenye kiwanda cha minofu, kama anaweza kunipatia barafu ya kupoza mapipa sita. Akaniuliza, mapipa ya nini? Nilipomwambia, alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akauliza, "Unataka yafike digrii ngapi?" Hapo nikajua nimepata mtu.

Nitaruka asubuhi ya kosa langu kwanza. Nitaifikia, simkimbii mtu. Nataka kwanza mjue ilivyoisha, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu ambayo kijitabu chenu kimeimeza.

Baada ya kosa nilihamishiwa depo ya mafuta, nikawa ninasafisha mapipa kwa miezi mingi. Nilipokubaliwa kurudi uwanjani nilirudi na Hamisi. Tulichukua bomba la shaba, tukalizungusha mara nyingi ndani ya kasha la mbao lililofungwa magodoro ya sponji pande zote. Barafu nje ya bomba, mafuta ndani, havionani kabisa. Mafuta yakitoka hapo yanapita kwenye chujio la kuzuia maji, yanaingia tenki lililoinamishwa upande mmoja, yanatulia, tunafungua koki ya chini tunatoa yale ya kwanza, tunapima. Baridi hutoa maji, kweli, hayo madogo yaliyojificha ndani ya mafuta. Ni matone. Unayatoa, unapima tena, unajaza. Mkaguzi wa usalama alikuja akatutazama asubuhi tatu mfululizo bila kutabasamu, akachukua sampuli zake mwenyewe, na ya tatu akasaini.

Msimu mzima wa mvua Deo aliruka na mafuta ya baridi. Tulimjazia mwisho kabisa, injini karibu kuwashwa, ili yasipate joto yakamwagika. Siku moja alirudi na mama mjamzito aliyekuwa na hali mbaya, wingu limekaa palepale njiani. Akalizunguka. Alitua Mwanza na akiba yake haijaguswa. Mtoto alizaliwa hospitalini jioni. Deo alinipigia simu, hakusema hata habari za saa hizi, alisema, "Dakika sita zako nimetumia nne."

Halafu kampuni ikaleta ndege kubwa zaidi, na kasha letu wakapewa wauza samaki. Sina ugomvi na ndege kubwa. Nina ugomvi na anayeandika kwamba haikuwezekana. Iliwezekana, na kuna mtu anatembea na miguu yake mwaka huu akienda shule kwa sababu iliwezekana.

Sasa asubuhi yenyewe.

Mara ya kwanza hatukuwa na bomba la shaba wala chujio la maana. Nilikuwa na kasha refu la mbao lililotandikwa magodoro ya sponji, mapipa sita ya lita mia mbili yamesimama ndani, na barafu ya Hamisi imejaa kati yake. Niliyasimamisha kwa sababu pampu ya mkono inaingia kwa juu, na kwa sababu nilikuwa na haraka. Mzee Magesa alikuwa amestaafu tayari, lakini alinifundisha tangu zamani kwamba pipa la mafuta linalokaa nje hulazwa, halisimamishwi, maana likisimama maji ya mvua hutuama juu kwenye vizibo. Mimi nikajiambia, ndani ya kasha hakuna mvua. Nilijiona nina akili sana.

Niliyapima mapipa yote jana yake jioni kwa ile dawa inayopakwa kwenye kijiti, inayobadilika rangi ikigusa maji. Yote safi. Nikafunika kasha, nikaenda nyumbani kwangu.

Meneja wetu alikuwa kijana mwenye haraka, mwenye viatu vinavyong'aa hata kwenye vumbi. Wazo langu alilipenda kuliko nilivyolipenda mimi. Alikuwa amewaalika wageni sita wa kampuni waje waone mafuta ya baridi, kisha wapande waende na Deo kule magharibi na kurudi. Asubuhi walikuwa wamefika kabla yangu. Wamevaa suti, wanapiga picha na barafu.

"Mama Kulwa, fanya haraka, jua linapanda," meneja akaniambia.

Jua linapanda, mafuta yatapata joto, wageni wanatazama. Nikaanza kupampu. Sikupima tena. Sikilizeni vizuri hapo, maana ndipo nilipowaweka watu saba mikononi mwangu nikawaangusha. Nilipima kabla ya baridi, sikupima baada ya baridi. Pampu ilikuwa na chujio la uchafu tu, maji yanapita bila kugonga hodi. Nikamaliza mapipa sita, nikafunga tenki, nikasikia watu wakinipigia makofi. Nilipiga goti kidogo kama bibi harusi.

Kitu kimoja tu sikukiacha, kwa sababu mwili ulishazoea. Baada ya kujaza unaacha mafuta yatulie, halafu unakwenda chini ya bawa na chupa ya kioo, unafungua koki, unakinga. Nikakinga. Nikainua chupa kwenye mwanga. Juu kulikuwa na mafuta na chini maji, mstari katikati umenyooka, nusu kwa nusu.

Nikakinga tena. Maji. Nikaenda bawa la pili. Maji.

Niliacha chupa, nikarudi kwenye kasha, nikafukua barafu kwa mikono. Tundu la kutolea maji chini ya kasha lilikuwa limezibwa na kipande cha sponji cha magodoro yangu mwenyewe. Barafu ilikuwa imeyeyuka usiku kucha, maji yakapanda mpaka yakafunika vichwa vya mapipa, kisha yakavuja kwenye maungio ya mbao kabla sijafika, yakaacha alama tu. Na hapo akili yangu yote niliyojisifia ikanirudia kwa pamoja. Pipa la lita mia mbili likipoa digrii ishirini, mafuta yake yananywea karibu lita nne. Nafasi hiyo haikai tupu. Pipa linavuta kilicho karibu, na karibu na kizibo kulikuwa na maji yenye harufu ya sangara. Nilikuwa nimeyanywesha mapipa maji mwenyewe.

Nilirudi mbio, nikaokota ile chupa. Meneja alikuwa anapandisha wageni.

"Washushe," nikamwambia. "Mafuta yana maji."

Akaangalia chupa, akaangalia wageni, akanisogelea sikioni. "Si unayatoa tu kwa chini? Kila siku mnatoa."

"Kila siku tunatoa matone. Haya ni mengi, na mengine bado yametawanyika ndani, hayajashuka. Lazima tenki zote zitolewe mpaka zikauke."

"Mama Kulwa, toa yaishe, ndege iondoke. Unaniaibisha."

Deo naye alikuwa dirishani, ameshavaa vifaa vyake vya masikioni. "Mama, maji kidogo mbona tunayajua," akasema. Sikumlaumu. Aliutaka ule mzunguko wa wingu kuliko sisi wote.

Meneja akampungia mkono awashe.

Vijana, sikuwa na cheo cha kuzuia ndege. Nilikuwa na ngazi. Nikaiegemeza kwenye bawa, nikapanda, nikafungua kifuniko cha tenki, nikashuka nacho. Kisha nikakitumbukiza kifuani, ndani ya sidiria, mbele ya wageni wote sita. Nikasema kwa sauti, "Ndege hairuki bila kifuniko. Anayekitaka aje akichukue."

Hakuja mtu. Mgeni mmoja aliyekuwa kwenye ngazi ya ndege alishuka taratibu, wengine wakamfuata.

Deo akavua vifaa vya masikioni. Akashuka, akachukua ile chupa akaingia chini ya bawa mwenyewe. Akakinga, akamwaga kwenye ndoo. Akakinga, akamwaga. Nilihesabu mara kumi na moja, na kila mara maji yalikuwepo. Halafu alikaa chini palepale, mgongo kwenye gurudumu, chupa imeegemea goti. "Injini ingezimikia ziwani," akasema, na hakuwa anamwambia mtu. Nililia hapo, sioni aibu kusema. Sikulia kwa hofu. Nililia kwa hasira juu yangu mwenyewe.

Tulitoa mafuta yote, tukakausha tenki. Nikamrudishia Deo kifuniko chake, akakifuta kwa leso bila kunitazama usoni, kwa adabu.

Saa nane meneja aliniita ofisini. Wageni walikuwa wameondoka. Alikuwa na daftari la matukio mezani na kalamu mkononi, na safari hii hakuwa na haraka.

"Nimefikiri," akasema. "Tuandike kwamba baridi ndiyo iliyotoa maji kwenye mafuta. Ni jambo la kisayansi, hata vitabuni lipo. Hakuna atakayeulizwa. Baridi haina watoto wa kusomesha, Mama Kulwa. Wewe unao wawili."

Alikuwa ananisaidia. Nataka mjue hilo, hakuwa mtu mbaya. Na nilishawishika, kwa muda wa kuvuta pumzi mbili hivi. Mapacha walikuwa sekondari, baba yao hakuwepo tena, na kazi ile ndiyo ilikuwa nyumba yetu.

Lakini nikawaza, akiandika hivyo, kesho hakuna atakayeuliza mapipa yalisimamaje. Hakuna atakayeuliza yalipimwa saa ngapi. Deo ataendelea kugeuza Bukoba. Na siku nyingine, mahali pengine, mtu atasimamisha pipa kwenye maji, na hatakuwa na bahati ya kukinga chupa.

"Andika mapipa yalisimamishwa badala ya kulazwa," nikamwambia. "Andika tundu la kasha lilizibwa. Andika hayakupimwa baada ya kupozwa. Andika aliyefanya yote hayo ni mimi."

"Nikiandika hivyo unaondoka hapa."

"Andika."

Akainama, akaandika sentensi tatu, taratibu, kama nilivyomtajia. Kwenye nafasi ya mhusika akaandika Mama Kulwa.

Nikamwambia afute. Akina Mama Kulwa wamejaa Mwanza nzima. Nikamtajia jina langu lote, Nyanzobe Lubango, herufi moja moja, nikabaki nimesimama mbele ya meza yake mpaka akamaliza.